Mwuguzi Niliyemfuata Msata

Mke wangu Rukia ameniomba miaka yote nisiyasimulie haya, na ana haki, maana aibu ya siku ile tuligawana nusu kwa nusu ingawa kosa lilikuwa langu zima. Lakini leo nitasema, na mtakaocheka mcheke, mimi mwenyewe nimeshachoka kujificha.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa fundi cherehani hapa Bagamoyo, nashonea barazani kwangu, na mama yangu alikuwa ndani anaumwa tumbo. Tulimpeleka Dar, hospitali wakakaa naye wiki tatu, halafu daktari akaniita pembeni akasema mrudisheni nyumbani, mpeni anachokipenda, dawa ya maumivu mtakuwa mnachukua zahanati ya kwenu. Nikaelewa. Mama naye alielewa, ingawa hatukuambiana kitu, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Sasa, mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake, na Rukia alikuwa na kichanga ambacho arobaini yake ilikuwa haijatimia vizuri, kwa hiyo ilibidi apatikane mwanamke wa kukaa na mgonjwa. Mama mdogo Chausiku, mdogo wake Mama wa tumbo moja, alijitolea tangu siku ya kwanza. Nikamkataa. (Kwa adabu, lakini nilimkataa.) Mama mdogo ana moyo mzuri ila mdomo wake hauna komeo, alimbadilishia Mama shuka mara moja tu, na kabla ya adhuhuri wauza samaki wote sokoni walishajua ile shuka ilikuwaje, na habari zikamrudia Mama kitandani, akageukia ukutani akalia. Nikajiapiza kwamba nitamletea mtu wa mbali, mtaratibu, asiyejuana na mtu mtaani. Mama sikumwuliza. Hilo ndilo jambo dogo nililoliamua peke yangu, na mengine yote yalitoka humo.

Asubuhi moja nikapanda basi la Msata, kwa Mzee Kondo, muuza nguo niliyekuwa nikichukua kwake vitambaa. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka kama sisi watu wa pwani tulivyo, maana neno lenyewe halikutaka kunitoka.

"Mzee Kondo, mambo ya Mama yamefika mwisho, daktari kasema hana tena la kufanya. Namtaka mwanamke wa kumshughulikia, mwenye mikono myepesi, asiyetangaza siri za mtu."

Mzee Kondo akanishika bega. "Pole sana, mwanangu. Basi ni Bi Tatu. Tangu nimjue, sijasikia hata mmoja aliyepita mikononi mwake akalalamika."

Sifa gani zaidi ya hiyo? Nikaelekezwa, nikamkuta Bi Tatu uani kwake anapukuchua mahindi, mwanamke wa makamo, mrefu, mpole wa sauti. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza kwa mafumbo yaleyale. Akaweka ungo chini.

"Amepumzika?"

"Amepumzika, alhamdulillahi. Nimemwacha kimya kabisa."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri." (Kwa kweli ndipo dawa ilipomshika akalala.)

"Na Bagamoyo yote hakuna wa kazi hii?"

"Wapo, Bi Tatu, lakini wana midomo."

Akatikisa kichwa. "Kweli. Alichonacho mtu mwilini ni siri yake na Mola wake. Haya twende, haifai kumchelewesha."

Nusura nimbusu mkono. Kwenye basi walikuwemo akina mama wawili wa mtaani kwetu wanaotoka kwa ndugu zao. Walipomwona Bi Tatu wakamsalimu kwa jina, kisha wakanitazama mimi, kisha wakatazamana.

"Shabani, pole. Ni Mama?"

"Ni Mama. Ndiyo mipango ya Mungu, tumeshazoea."

"Na shughuli ni lini?"

"Leo hii hii, tukifika tu Bi Tatu anaanza."

"Basi tutakuja."

"Karibuni sana," nikasema kwa furaha, "Mama anapenda wageni."

Yule mama alinitazama mpaka nikajikagua vifungo vya shati.

Tuliposhuka Bagamoyo wao wakaenda zao moja kwa moja mtaani, mimi nikapitia zahanati kuchukua dawa, na huko foleni ilikuwa ndefu, nikakaa saa nzima na zaidi. Bi Tatu alivumilia, mwisho akaniinamia akauliza dawa ni ya nani. Nikamwambia ya Mama. Aliniwekea mkono kichwani, akasoma dua kwa sauti ya chini, nami nikazidi kumshukuru Mungu kwa kunipa mtu mcha Mungu kiasi kile.

Tukakata kona ya mtaa wetu. Jamani. Mbele ya nyumba yangu mikeka imetandikwa, wanaume wamekaa na kofia zao, Mwalimu wa chuo cha Kurani katikati, wanawake wamejaa kwa jirani wamefunga kanga viunoni, kuni zinapasuliwa, na mama mdogo Chausiku amekaa chini kwenye vumbi analia hana sauti. Mlango wangu umefungwa. Baadaye nilijua kwamba Rukia alikuwa amempeleka mtoto kliniki, akamwacha Mama amelala, akafunga mlango kwa ufunguo wake, na watu walipogonga wasiitikiwe wakaamua kumngoja mwenye nyumba na mwosha. Lakini wakati ule sikujua lolote. Nilichoona ni msiba kwangu. Nikasema moyoni, Mama kafa peke yake, mimi niko kwenye foleni.

Nikaangusha dawa, chupa ikapasuka, nikajitupa mchangani mtu mzima na ndevu zangu nikipiga ukelele, "Mama umeniacha! Mama hata kuniaga!" Wanaume wanne wakanishika, nami ninawakokota. Jirani yangu Mzee Pazi ananiambia, "Jikaze, Shabani, vijana wako makaburini tangu saa sita, kaburi limeshafika kiunoni." Nikasikia hivyo nikaanguka upya.

Bi Tatu hakuwa na muda na kelele. Alichukua ufunguo mfukoni mwangu, akafungua, akaingia na wanawake wawili, akarudisha mlango. Kisha akatoka peke yake, amesimama kizingitini, uso umemwiva.

"Nyie," akasema, "maiti wenu anaomba maji ya kunywa."

Halafu kutoka chumbani ikasikika sauti ya Mama, dhaifu lakini ileile yake: "Shabani! Nani amekufa?"

Nitawaambiaje nilivyoingia mle ndani, mchanga kichwani, makamasi usoni, na mtaa mzima nyuma yangu dirishani? Mama alikuwa ameegemea mto, anawatazama wale wanawake na mafungu yao ya pamba. Nikasema kwamba nilikuwa nimemtafutia mtu wa kumwuguza.

"Mimi nimeosha wanawake miaka kumi na tisa," Bi Tatu akasema polepole. "Walio hai sijapata kuwauguza."

Mama mdogo Chausiku, aliyekuwa ameingia kwa magoti, akaanza kulia upya, safari hii kwa hasira. Nikasema basi nitamrudisha mgeni Msata kesho asubuhi, na mama mdogo atakaa, nimekosa.

"Ulinitafutia mtu," Mama akasema. "Uliniuliza mimi?"

"Sikukuuliza, Mama."

"Basi niulize sasa."

Nikamwuliza, mbele ya watu wote. Akamnyooshea Bi Tatu kidole.

"Huyu. Kila anayeingia humu ananitazama kama nimeshaondoka, hata wewe, Shabani. Huyu alikuja kuniosha akanikuta nimefumbua macho, na ndiye peke yake tangu nirudi kutoka Dar aliyefurahi kuniona niko hai."

Kaburi lilifukiwa jioni ileile, wazee wakibishana kwanza litiwe mgomba badala ya maiti au lifukiwe tupu, nami nikaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, Rukia nyuma yangu na mtoto mgongoni, hasemi na mimi. Bi Tatu alikaa nasi mwezi na siku kadhaa. Mwanzoni alilalamika kwamba walio hai wana maneno mengi, lakini baadaye nikawa nawasikia yeye na Mama wakicheka mpaka Mama ashike tumbo kwa maumivu, na hata hapo hawakuacha. Mama alimwambia mwenyewe jinsi anavyotaka kuoshwa, na nani asiwepo. Alipokufa, Bi Tatu alifanya kama alivyoambiwa, na mpaka leo hakuna aliyejua alichokiona.

Mimi tangu siku ile, nikisikia nyumba yenye mgonjwa inatafuta mtu wa kumtunza, siulizi nani ana sifa wala nani yuko karibu. Naomba niingie chumbani, naketi karibu na mgonjwa, namwuliza mwenyewe: wewe unamtaka nani? Na aibu yote niliyoipata mchangani pale, Mungu anisamehe, naona ilinigharimu kidogo kuliko kuendelea kumwamulia Mama angali ana ulimi wake.