Majina Niliyompa Karani

Mkono wangu ulikuwa wa pili au wa tatu kuinuka siku ile ya baraza, na sitaki mtu aseme nililazimishwa. Afisa alikuja na gari jeupe, kijana mwenye adabu, akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akatueleza kanuni mpya za usalama. Vijana wetu walikuwa wakipotea. Wengine walikwenda Mombasa kutafuta kazi wasirudi, wengine walisemekana wamevuka mpaka kuwafuata watu waliowadanganya kwa jina la dini. Kuanzia Majoreni mpaka Ukunda kila mama alikuwa akilala na simu kifuani. Basi afisa akasema kila kikundi kitaandikishwa, kitatoa majina ya watu wake, vitambulisho vyao na simu zao, na kabla ya kukusanya watu zaidi ya kumi kitaomba kibali siku tatu mbele.

“Tukijua nani yuko na nani,” akasema, “hakuna mtoto atakayepotea tena.”

Nikaona hayo ni maneno ya mtu mwenye huruma, na mpaka leo naamini alikuwa na huruma. Ndiyo nikainua mkono.

Kikundi chetu ni cha wanawake wanaoosha maiti za wanawake. Hapa tulipo, kati ya Msambweni na Ramisi, mwanamke akifariki habari hupita mlango kwa mlango, na muda si muda tumeshafika, huyu na ndoo, huyu na sanda, huyu na karafuu maiti, huyu na chetezo cha ubani. Mmoja huchimba kishimo cha maji chini ya kitanda. Tunafunga mlango, tunaosha, tunakafini, tunawapa wanaume mwili wausalie. Linaloonekana mle ndani hubaki mle ndani. Nimeona makovu ambayo mume mwenyewe hakuyajua, na nimeona alama ambazo mume alizijua vizuri sana, na sijasema. Hata nani kamwosha nani hatusemi, maana ukisema, watu watamtazama muoshaji usoni wakitafuta siri ya marehemu.

Mimi nina kazi nyingine juu ya hiyo, nayo ni ya majina. Kila hitma hutajwa marehemu wa kikundi, kuanzia mwanamke wa kwanza aliyekianzisha, kila mmoja kwa jina lake na jina la mama yake, ili waombewe. Mimi shule sikuiona. Kalamu niliijulia ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru. Lakini majina nilipewa na mamangu tukisuka ukili wa mikeka, jina moja kwa kila mkunjo, na nikikosea ananifumulisha ukili wote nianze upya. Mpaka leo vidole vyangu vikishika ukili, majina huja yenyewe.

Kwa hiyo ilipotakiwa orodha ya walio hai, nani angeitoa kama si mimi? Katibu wetu ni mwalimu wa chekechea, mdogo kuliko sisi sote. Alikaa barazani kwangu na fomu, nikamtajia wote kumi na wawili, jina, jina la baba, nambari ya kitambulisho, na simu kwa wale wenye simu. Sikufungua hata kikaratasi. Mwalimu akacheka, akasema, “Bibi, wewe ni kompyuta.” Nikafurahi. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma. Nilifurahi.

Shida ya kwanza tuliicheka. Jirani yetu mmoja alifariki alfajiri, na tulipokuwa tumeshamlaza kitandani, akaja mzee wa nyumba kumi akasimama nje ya dirisha, macho kayaelekeza kwenye ndala zake.

“Bibi, mna kibali?”

“Kibali cha nini?”

“Cha mkusanyiko. Kinaombwa siku tatu mbele.”

“Marehemu hakutuarifu.”

“Mimi nimetumwa tu, bibi.”

“Basi ingia umwambie yeye. Yuko hapa, ameshavuliwa.”

Hakuingia. Lakini hatukutaka kumtia matatani, kwa hivyo tukahesabiana, na wawili wakatoka wakakaa kando ya barabara kama watu wanaongoja gari la Ukunda, huku wakitupitishia ndoo za maji juu ya ua. Mmoja wao akachungulia akauliza, “Hebu niambieni, mimi sasa ni mkusanyiko au ni mpita njia?” Tukacheka mbele ya maiti, Mungu atusamehe. Marehemu mwenyewe alikuwa mcheshi, nadhani hakuchukia.

Kicheko kilikwisha Jumatatu moja asubuhi. Mwenzetu mmoja ana mwana aliyeondoka kwenda kutafuta kazi ya hoteli Diani, kisha akasema anasogea mbele kidogo, kisha simu yake ikanyamaza. Mama mtu ndiye aliyekwenda mwenyewe kupiga ripoti, kwa miguu yake. Jumatatu hiyo, jua linachomoza, watu wanne wa usalama waliingia kwake bila hodi. Walipindua godoro, wakamwaga sanduku la nguo, wakachukua simu, cheti cha shule cha mwanawe na picha yake ya pekee. Mkononi walikuwa na karatasi, naye aliiona. Ilikuwa na majina yetu kumi na wawili kwa mpango uleule niliomtajia mwalimu, na lake lilikuwa limepigiwa mstari chini.

Walimuuliza habari za mwanawe mara moja. Habari za kikundi walimuuliza asubuhi nzima. Kwa nini mnakutana ghafla? Kwa nini mnafunga mlango? Mnazungumza nini humo ndani, na kwa nini hakuna anayesema nje?

Kwetu ile ni stara, ndiyo heshima ya mwisho anayopewa mwanamke hapa duniani. Kwa mtu asiyetujua, akisoma kwenye karatasi kwamba kuna wanawake wanakuja mbio, wanajifungia, wakitoka hawasemi, na mmoja wao mwanawe hajulikani alipo, basi ilikuwa kesi iliyokwisha kuiva. Ile kanuni haikutungwa na mtu mbaya. Ilitungwa na mtu ambaye hajapata kuoshewa mamake na jirani.

Yule mwenzetu alikuja kwangu siku ileile adhuhuri, hajala.

“Nani aliwapa namba yangu?”

“Ni mimi.”

Alinitazama. Kisha akauvuta ungo wangu wa kunde, akaanza kupukuchua. Nami nikapukuchua. Tulipukuchua mpaka zikaisha, akainuka akaenda zake.

Baada ya hapo watu walianza kupungua. Hakuna aliyetukataza, hilo nalisema kwa haki. Mmoja miguu ilimuuma, mwingine mumewe alisema apumzike kwanza, mwingine simu yake haikupatikana tena. Msiba uliofuata tulikuja watano. Uliofuata huo, watatu. Marehemu alikuwa mwanamke mnene, na wakati wa kumgeuza upande wa kushoto nilimgeuza peke yangu, kwa magoti haya, mmoja akimimina maji na mwingine akisugua, na maji yakatuishia kabla ya josho la tatu. Nikamwambia kimoyomoyo, nisamehe dada, mkono wangu niliuinua.

Hapo ndipo ikaja barua kwamba orodha ifanywe upya. Safari hii waliongeza sehemu nyingine ya kujaza: kila mwanachama ataje watoto wake wote na mahali walipo, na mwenyekiti aandike yanayozungumzwa kikundi kinapokutana. Kisipofanya hivyo, kikundi kitafutwa na mwenyekiti atajibu mashtaka. Mwenyekiti ni mimi.

Yule mama akaja tena. “Nitoe, bibi. Mimi nikitoka nyinyi mtaachwa.”

“Utakwenda wapi?”

“Nitakaa kwangu.”

“Na wewe ukifa nani atakuosha, huko kwako?”

Mwanamke aliyefutwa kwenye kikundi cha kuoshana, hapa kwetu, ni kama aliyehamishwa kijiji. Mwanawe hayuko, cheti kimechukuliwa, picha imechukuliwa. Na sasa alikuwa tayari kuacha hata watu wa kumfunga sanda ili sisi tulale salama. Nilimwambia aende akachote maji, ya ofisini aniachie mimi.

Siku niliyotakiwa kufika, mwanamke mwingine alikuwa amefariki tangu alfajiri. Niliwaacha wenzangu wakichemsha maji, nikapakiwa pikipiki mpaka ofisini. Karani alikuwa kijana wa kutoka bara.

“Shosho, kuja hapa. Umeleta listi?”

“Shikamoo kwanza.”

“Haya, shikamoo shosho.”

“Marahaba. Na huku kwetu ni bibi. Listi ninayo kichwani, mwanangu. Andika.”

Akaandika. Nilimtajia wa kwanza, na mama yake. Nikamtajia wa pili, na mama yake. Nilikuwa nimekuja na ukili wangu mapajani, vidole vinakwenda, majina yanakuja. Kijana alikuwa hodari, hakulalamika, isipokuwa kila nilipofika mwisho wa jina aliuliza simu, nami nikamwambia hana. Alipofika wa tisa akaegemea kiti.

“Hata huyu hana simu?”

“Hana.”

“Kitambulisho?”

“Alikuwa nacho. Kilirudishwa.”

“Kilirudishwa wapi?”

“Kwenu, alipofariki.”

Kalamu ikasimama. Akapandisha macho mpaka juu ya ukurasa, akashuka tena polepole.

“Shosho, hawa watu wote wamekufa?”

“Wote wamo kikundini. Hakuna aliyejitoa. Nawataja kila hitma.”

“Lakini mimi nataka wale wako hai. Na watoto wao wako wapi.”

“Huyo wa saba, mtoto wake yuko mbele yako. Andika.”

Pembeni kulikuwa na mwanamke amekuja kutafuta cheti cha kuzaliwa, akajifunika kanga mdomoni, mabega yakimtikisika. Karani akaenda kumwita mkubwa wake, na aliyetoka ni yuleyule afisa wa baraza. Akaniamkia. Akavuta kiti akakaa karibu nami, akaisoma orodha yote.

“Bibi yangu, kanuni hii ni ya kuwalinda nyinyi. Wewe mwenyewe uliinua mkono, nakukumbuka.”

“Niliuinua. Leo naushusha.”

“Haushushwi hivyo.”

“Ulituambia mtoto hatapotea. Mtoto akapotea, nanyi mkaenda kumtafuta chini ya godoro la mama yake. Mmempata?”

Akaiweka ile karatasi mapajani. “Unaelewa kwamba naweza kukuweka ndani?”

“Naelewa. Niweke. Ila tafuta mtu umpeleke kule kwetu, kuna mwanamke amelazwa tangu alfajiri anangoja kuoshwa. Tulikuwa kumi na wawili, mmetuacha wachache. Mtu wenu ataweza kumgeuza?”

Karani akatazama dari. Afisa aliikunja ile karatasi mara mbili, akaikunjua, akaiweka ndani ya faili.

“Nenda kaoshe,” akasema. “Lakini faili hii iko wazi, bibi. Hatujamalizana.”

“Iache wazi. Mimi pia sijamaliza. Bado nina majina ya waliofuata baada ya hao.”

Nilipofika, mlangoni nilihesabu ndala. Sijui habari ilinitangulia vipi, labda ni yule wa cheti cha kuzaliwa, au ni mwenye pikipiki aliyesimama dirishani akisikiliza. Zilikuwa jozi kumi na moja. Aliyeumwa na miguu alikuwepo, aliyekatazwa na mumewe alikuwepo. Hatukuwa na kibali, na safari hii hakuna aliyetoka kwenda kukaa barabarani. Yule mama ndiye aliyeshika kata. Alimimina maji kwa utaratibu, kuanzia kulia, na tulipomaliza tulifungua mlango tukatoka mbele ya watu wote, hatukusema kitu.

Faili iko wazi bado. Nimeitwa mara mbili tangu siku ile na mara mbili nimekwenda na ukili wangu, nikaendelea pale nilipoachia. Karani sasa ananiamkia kabla sijakaa. Atakayesoma haya asitafute jina la mtu humu. Nayajua yote, ya hawa wenzangu na ya mama zao, na ya yule afisa pia, na sikuandika hata moja.

Hitma iliyopita yule mama alinishika mkono kabla sijaanza. Alitaka kuniuliza juu ya mwanawe, kama wakati umefika nimtaje mwishoni, pale wanapoombewa pia watoto wetu waliotangulia. Nilimjibu kabla hajamaliza. Jina lile sikuwapa ofisini, na katika majina ya marehemu siliingizi mpaka mtu aniletee mwili niuone. Nikataja wote niliopewa na mamangu, na wa baada yake, nikafika mwisho, nikanyamaza kidogo pale ambapo lingeweza kuingia, kisha nikasema amin.