Maji Waliyoyahama Vyura

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa kibuyu, bado sijafikia umri wa mtungi, tulitolewa kwenye mashamba yetu juu ya Runyenjes tukasongwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakoloni wakipigana na wapigania uhuru wa msituni. Baba alikuwa kizuizini. Nyumbani tulibaki Mama, mimi, mdogo wangu, na Cucu, mama yake Baba, mwanamke ambaye hakunong'ona hata mbele ya homugadi, wale walinzi wa kijiji waliowatumikia wakoloni.

Wanawake walichimbishwa handaki tangu alfajiri, kisha lango likafunguliwa kidogo wakateke maji. Chemchemi nzuri ilikuwa ng'ambo ya bonde, na muda haukutosha kufika. Basi waliteka kwenye kisima kilichokuwa chini ya dipu la ng'ombe, pale mifugo ilipoogeshwa dawa ya kupe, na dawa ikichakaa ikamwagwa hapo hapo. Maji yalikuwa maangavu, baridi, hayana harufu. Cucu aliyatazama mara moja tu.

"Hapa hakuna chura," alisema. "Maji yakihamwa na vyura yana kirumi."

Kirumi kwetu ni laana. Mama alicheka, maana siku hizo bado alikuwa mtu wa kucheka.

"Sasa Cucu, hao vyura wamepewa pasi ya kutembea? Sisi hatuna. Tutaenda wapi?"

Mvua iliponyesha Cucu alikinga maji ya paa la nyasi, mekundu kama chai ya rangi, akayalinda kuliko unga. Kiangazi alitupimia kwa kata ndogo. Mama hakuyagusa hata siku moja. "Hayo ni ya watoto na wazee," alisema. "Mimi nitakunywa ya wenzangu."

Tulikaa pale miaka, na wanawake wakaanza kuumwa vichwa. Viganja vyao vilitoka vijipu vigumu kama punje za mchele, wakadhani ni jembe. Mama alisema anasikia ngoma masikioni, na mishipa ya shingo yake niliiona ikipiga. Neno la Cucu likasambaa kijiji kizima: kirumi. Wengine waliongeza kwamba ni kiapo cha wapigania uhuru kimewarudia waliokiungama mbele ya wazungu. Laana ikishatajwa huitiwa mganga, na mganga akaja na mbuzi wake.

"Dawa ya moto ni moto," alitangaza. "Kirumi huoshwa kwa maji ya pale kilipowapata."

Aliyateka kisimani, akachanganya na yaliyomo tumboni mwa mbuzi, akawapa wanawake waonje na kutema kila asubuhi, kama ilivyo desturi ya kutapika uovu. Wengine walitema. Mama alimeza.

"Nikitema," aliniambia, "laana itawaangukia nyinyi."

Cucu alijifunika shuka usoni. Angesema nini? Yeye ndiye aliyeyaita maji yale laana, na laana haina mwingine wa kuitibu ila mganga. Alikuwa sahihi tangu mwanzo, na usahihi wake haukumfaa mtu. Jambo hili bado linaniuma.

Mama alianguka tukiwa tumesharudi shambani, mikononi ana kahawa mbivu. Mdomo ulipinda, mkono ukafa. Aliishi hivyo muda mrefu, akitutazama bila neno, na Baba, aliyerudi mzima, akimlisha uji kwa kijiko. Majirani kadhaa wa kijiji kile waliondoka vivyo hivyo. Ni presha, tuliambiwa, kana kwamba presha huzaliwa yenyewe.

Juzi nilikwenda hospitali mjini Meru nikamsimulia daktari, kijana mpole. Akasema dawa za dipu za zamani zilikuwa na sumu iitwayo aseniki, na kidogo chake, mtu akikinywa miaka mingi, kinaweza kupandisha presha. Nilimuuliza kama ndicho kilichomuua Mama.

"Hatutajua, mama," alijibu. "Maji yale hakuna aliyeyapima."

Na hayatapimwa. Kisima kimefukiwa, juu yake pamepandwa migomba, na waliokunywa wote wako chini ya udongo. Hakuna wa kumlaumu wala wa kumshtaki, na vyura hawasemi.

Kisha akanifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akapampu, akatabasamu.

"Umri huu wote! Presha yako ni ya msichana."

Nikalia pale pale kitini, nikiikumbuka kata ya maji ya paa ambayo Mama hakuigusa. Alifikiri ni furaha.