Mfupa wa Babu

Jineri ya kuchambulia pamba niliyofanyia kazi kule Bariadi ilipouzwa, mwenye mali mpya alitupunguza kwa tangazo la mistari minne, mmoja wa kutushukuru. Nikaenda ziwani, upande wa Nyashimo, kuwa mzamiaji. Tajiri mmoja wa vyuma chakavu alikuwa amepata kibali cha kuikata meli ya mvuke iliyozama enzi za Mwingereza na shehena ya pamba.

Meli hiyo ndiyo ilikuwa kaburi la babu, baba yake mama. Alikuwa mchochea moto, na mama alikuwa bado anabebwa mgongoni ilipozama. Kwetu mwenye kaya huzikwa zizini, kati ya ng'ombe wake. Zizi la babu halikuwa na mtu, na mama alizeeka na uchungu huo. Nilipomuaga hakuniuliza habari za mshahara.

"Niletee hata mfupa mmoja," alisema.

Nikakubali haraka haraka, kana kwamba ananituma chumvi dukani.

Tulifundishwa siku mbili tu: mtungi wa hewa mgongoni, mpira mdomoni, miwani usoni. Juu maji yalikuwa ya uvuguvugu. Chini kulikuwa na baridi ya kuuma meno na giza la kijani, na meli imelala ubavu. Siku ya kwanza niliuona mlango wa chumba cha moto, umejaa tope. Nikaanza kufukua kwa mikono. Kamba niliyofungwa kiunoni ikavutwa, nikapandishwa.

"Unatafuta nini kule?" tajiri aliuliza. Nikamweleza.

"Hewa hiyo naigharamia mimi. Kwanza shaba. Mifupa siku ya mwisho."

Nilimwamini, na hapo ndipo ninapojichukia. Wiki mbili nilifungua mabomba ya shaba kwa bidii ya mjinga, nikiupita mlango ule kila siku bila kugusa tope. Nikamtumia mama ujumbe aite ndugu. Siku ya mwisho nilikuta winchi imeshang'oa boila na chumba kizima kimebomoka. Nilizamia hivyo hivyo. Tope lilikuwa limetibuka, sikuuona hata mkono wangu.

"Biashara huria, ndugu yangu," tajiri alisema. "Lori la Mwanza halisubiri."

Niliogopa kurudi mikono mitupu. Nyuma ya machinjio ya Nyashimo niliokota mfupa mkavu, nikausugua kwa tope la ziwani, nikaufunga kwa kitambaa cheupe.

Shimo lilikuwa limeshachimbwa zizini, wajomba wamevua kofia. Nami, kwa akili zangu, nilidhani nitamdanganya mwanamke aliyekulia kwenye ng'ombe kwa mfupa wa ng'ombe. Mama alifunua kitambaa, akaugeuza mara moja tu. Akanisogelea sikioni.

"Ng'wanone, mwanangu, huyu ni ng'ombe."

Kisha akaufunga tena, akapiga magoti kando ya shimo, akamlilia baba yake kwa sauti, ili wajomba wasikie.