Shahidi wa Mzee Mubaraka

Mzee Mubaraka wa Kisenyi alikuwa na vitu viwili tu vya kujivunia hapa duniani, na kimoja kati ya hivyo kilikwisha haribika wiki tatu zilizopita, ila hakuwa amemwambia mtu.

Cha kwanza ni binti yake Umulkheir, mwenye duka la vipuri vya magari, mwanamke wa sauti ndogo na maneno machache ambayo hata mafundi wa gereji waliyaogopa. Cha pili ni kwamba alikuwa ameendesha magari miaka arobaini na moja bila askari wa trafiki kumwandikia tiketi hata moja. Aliendesha lori la sukari, akaendesha basi la shule, akabeba maharusi, akabeba maiti, na sasa uzeeni anaendesha Corona yake nyeupe, ambayo weupe wake umebaki kwenye kadi ya gari tu.

Kile cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili kilikuwa kimekunjwa mara nne ndani ya kofia yake.

Tiketi ile isingemsumbua sana lau asingekuwa na mdomo. Mwanzoni mwa mwaka alirudi nyuma na gari akagonga meza ya muuza chapati, chapati zikaanguka, na Umulkheir akamwomba ufunguo. Alimwomba kwa adabu, kwenye gereji iliyo kando ya duka lake, mafundi wakisikia. "Baba, umechoka. Nipe mimi, nitakuwa nakupeleka." Mtu mwenye akili angejibu kwamba atafikiria. Mzee Mubaraka aliinua ufunguo juu kama mtu anayeuza mbuzi mnadani akasema, "Mwanangu, siku trafiki atakaponiandikia karatasi, siku hiyo hiyo utaupokea ufunguo huu kutoka mkono wangu wa kulia. Na nyinyi wote hapa ni mashahidi!" Mafundi wakapiga makofi. Baadaye alijilaumu sana. Angeweza kusema tiketi tatu. Nani angemkatalia tatu?

Na gari lile ndilo lililomfanya atafutwe. Palipokuwa na msiba aliitwa yeye kubeba mikeka na masufuria. Mgonjwa akizidiwa, simu iliyolia ilikuwa yake. Mtu akitaka kwenda mbali na hana haraka ya kufika, alimtaka Mzee Mubaraka, maana njiani kulikuwa na hadithi. Bila gari angekuwa mzee mwingine tu kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka la binti yake, akiwaelekeza watu choo kilipo.

Tiketi yenyewe aliipata mjini Lira, ng'ambo ya Nile. Alikuwa akimpeleka Maalim Mahmoud, kaka wa marehemu mke wake, akafungishe ndoa ya mwanafunzi wake wa zamani. Safari ilikwenda vizuri mpaka karibu na soko, penye kivuko cha waenda kwa miguu. Hapo askari mmoja msichana, jina lake kifuani Akullo, akamwonyesha aegeshe pembeni, akamsalimia vizuri, akaandika kwamba hakumpisha mtu kwenye kivuko.

"Lakini nilisimama!" akasema Mzee Mubaraka.

"Ulisimama, mzee. Lakini ulisimama baada."

"Baada ya nini?"

"Baada ya kila kitu," akasema Afande Akullo, akampa karatasi yake kwa mikono miwili, maana alikuwa amelelewa.

Safari ya kurudi Kampala, kwa mara ya kwanza, haikuwa na hadithi. Maalim Mahmoud alilala usingizi mzuri sana.

Faini haikuwa kubwa, na mtu mwingine angelipa, akaichoma karatasi na kunyamaza. Mzee Mubaraka aliliwaza hilo siku nzima. Lakini kulipa ni kukiri, na aliyekiri ameandikiwa, na aliyeandikiwa ana deni la ufunguo. Karatasi yenyewe ilisema kwamba asiyekubali kosa aende ofisi ya trafiki atoe maelezo, apangiwe siku ya kufika kwa hakimu. Basi tiketi ikifutwa, akajiambia, itakuwa haikuandikwa kabisa. Na kiapo chake kitakuwa kizima kama yai. Aliipenda hoja hiyo kiasi kwamba aliirudia mara mbili mbele ya kioo cha gari, na kila mara alishinda kesi.

Kilichobaki ni shahidi. Na hapa ndipo Mzee Mubaraka alipofanya kosa ambalo wanaojua Kisenyi bado wanamchekea. Pale gerejini kulikuwa na mafundi saba ambao kwa kikombe cha chai wangeapa kwamba siku ile walikuwa Lira, wamekaa juu ya boneti, hali hawajawahi kuvuka Nile. Akawaacha wote. Akamchagua Maalim Mahmoud, kwa sababu Maalim amefundisha watoto wa mtaa mzima na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema uongo. Hakujiuliza hata mara moja kama hiyo ni sifa nzuri kwa shahidi wake.

"Shemeji, utakuja kunisemea?"

"Nitasema nilichokiona," akajibu Maalim.

"Hilo tu ndilo ninalolitaka!" Akafurahi hadi akamnunulia tende.

Asubuhi ya kwenda ofisi ya trafiki, Naguru, alimwambia Umulkheir kwamba yeye na Maalim wanakwenda Bukoto kumtazama mgonjwa.

"Mgonjwa gani?"

"Humjui."

"Mpeni pole," akasema Umulkheir, bila kuinua macho kutoka kwenye breki alizokuwa akizifuta vumbi.

Siku ile Mzee Mubaraka aliendesha kama mtu aliye kwenye mtihani wa pamiti ya udereva. Alisimama kwenye kila kivuko, chenye watu na kisicho na watu, chenye rangi na kile ambacho rangi yake iliondoka zamani, akabaki kukikumbuka yeye peke yake. Nyuma yao magari yalipiga honi kama harusi. Dereva mmoja wa boda akasogea dirishani akamtazama kwa huruma. "Mzee, unapima barabara?" Maalim akatabasamu, akaendelea kuvuta uradi wake.

Ofisini walipokelewa na Afande Okeny, mtu wa mwili mkubwa na kalamu ndogo, aliyezaliwa kambi ya askari na kukulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alipoona kanzu ya Maalim alisimama.

"Maalim, karibu. Mzee, kuja kaa hapa. Hii tiketi unakataa?"

"Naikataa kabisa, mwanangu."

"Sawa. Hiyo ni haki yako. Sasa usiniambie kwa maneno mingi, nitachoka. Nionyeshe." Akamsogezea mashine ya kubania karatasi. "Hii ndiyo gari yako." Akaweka kikombe chake cha chai katikati ya meza. "Huyu ndiye mama anavuka. Endesha."

Mzee Mubaraka alikohoa. Akakichukua kikombe akakihamishia kulia, mahali palipostahili, akalaza kalamu mbili ziwe mistari ya kivuko, kisha akaileta ile mashine taratibu, akinguruma kidogo kwa mdomo, kwa sababu Corona ina mngurumo wake na ushahidi lazima ukamilike. Vidole vinne kabla ya kalamu, akasimama. Akamtazama Okeny kama mpishi aliyefunua sufuria.

"Vizuri," akasema Okeny. "Maalim, wewe ulikuwa ndani. Gari ilisimama?"

"Ilisimama."

Mzee Mubaraka akajipiga paja. "Umesikia, afande! Andika!"

"Ilisimama wapi, Maalim?"

Maalim Mahmoud akainuka, akaishika mashine kwa vidole viwili, akaisukuma polepole, ikavuka kalamu ya kwanza, ikavuka ya pili, ikaenda mbele kiasi cha kiganja. "Hapa."

"Na mama?"

"Mama alikuwa ameruka. Nyanya moja ilimtoka kikapuni. Nilishuka nikamwokotea."

Afande Okeny akaweka kalamu yake chini. "Mzee breki yake mbovu?"

"Breki nzima. Binti yake ndiye anayezifunga," akasema Maalim. "Ni mikono. Mkono haukuwepo kwenye usukani."

"Mkono upi?"

"Yote miwili. Alikuwa ananihesabia miaka."

"Miaka gani?"

Maalim akamtazama shemeji yake kwa upole mkubwa, akamtazama tena afande. "Miaka aliyoendesha bila kuandikiwa tiketi. Huwa anaihesabu kwa vidole. Kumi, anafumba, kumi, anafumba. Tulipofika kwenye mistari alikuwa kwenye thelathini."

Kulikuwa na askari wawili kwenye meza ya dirishani waliokuwa wakijifanya wanasoma mafaili. Mmoja akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa faili.

"Shemeji!" akasema Mzee Mubaraka. "Afande, usimsikilize, huyu alikuwa amesinzia! Mimi siwezi kuachia usukani. Mimi ni mtu wa miaka arobaini na moja!" Na papo hapo mikono yake ikapanda yenyewe, vidole vyote kumi vikafunguka mbele ya uso wa Okeny, vikafumba, vikafunguka, vikafumba, na alipokuwa anaelekea thelathini kiwiko kikaigonga mashine, ikaruka mezani ikaanguka chini kwa kishindo.

Mzee Mubaraka akabaki ameinua mikono, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Kisha yule askari wa dirishani akashindwa kujizuia, na Okeny naye akashindwa, na mwisho hata mzee mwenyewe akasikia kicheko kinamtoka puani. Arobaini na moja! Kumbe hadithi ile haisimuliki salama ila mtu akiwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka.

Wakacheka mpaka Okeny akajifuta macho kwa kitambaa. Maalim peke yake hakucheka.

"Shemeji," akasema, "na kikombe umekiweka kulia. Yule mama alitokea kushoto."

"Kushoto?"

"Upande wangu. Nilimwona uso. Wewe ulikuwa unanitazama mimi usoni, lakini yeye hukumwona."

Mzee Mubaraka akakitazama kikombe. Alijaribu kumkumbuka yule mama, kama alikuwa mzee au kijana, kama alivaa gomesi au kitenge. Alikumbuka nyanya tu, ikibiringika. Wiki tatu alikuwa akimvusha mwanamke yule kichwani, akimpisha kwa heshima kila siku, na hajui hata sura yake.

Akakichukua kikombe, akakirudisha kushoto.

"Afande," akasema, "yale niliyokwambia, futa."

"Nifute nini, mzee? Bado sijaandika kitu." Okeny akainama akaokota mashine yake, akaijaribu kama bado inabana. "Nilikuwa naskiza tu. Nenda ulipe. Na huko nyumbani, hesabu ukiwa umekaa chini."

Njia ya kurudi Mzee Mubaraka alishika usukani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba karai la maji. Alitaka kumkasirikia Maalim, na kwa kweli alijitahidi hadi karibu na Wandegeya, lakini hasira ilikataa kuwaka. Alichopata ni kuuliza tu, "Ulishindwaje kuniambia mapema?"

"Hukuniuliza nilichokiona," akasema Maalim. "Uliniuliza kama nitakuja."

Umulkheir alikuwa dukani, palepale walipomwacha.

"Mgonjwa hajambo?"

Mzee Mubaraka alivua kofia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka kwenye meza. Juu yake akauweka ufunguo. Aliuweka kwa mkono wa kulia, kama alivyoahidi, ingawa mkono wenyewe ulikuwa hautaki kufunguka.

"Mgonjwa ndiye huyu," akasema.

Umulkheir hakuikunjua karatasi. "Ya Lira," akasema.

"Nani amekwambia? Maalim?"

"Baba, gari liliandikishwa kwa namba yangu ya simu, ulisema yako inakuchanganya. Ujumbe wa tiketi uliingia kwangu mchana uleule. Hata hamjafika daraja la Karuma mkirudi."

"Wiki tatu umekaa kimya?"

"Nilikuwa nangoja." Akauchukua ufunguo, akaugeuza mkononi, na sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Nilijua utauleta. Sikujua tu utazunguka njia ipi."

Nje, mafundi walikuwa wameacha kugonga. Mmoja wao, aliyepiga makofi siku ya kiapo, akajifanya anatafuta spana chini.

"Simu imepigwa," akasema Umulkheir. "Kuna msiba Bukoto. Wanaomba mikeka na masufuria."

"Wamempigia nani?"

"Wamepiga simu yangu. Wamesema, mwambie Mzee Mubaraka aje. Twende."

Akakumbuka mgonjwa wake wa Bukoto, akaona aibu kidogo mbele ya marehemu asiyemjua. Mikeka ikapakiwa. Maalim akaingia nyuma na masufuria. Mzee, kwa mazoea, akaenda mlango wa kulia akamkuta binti yake amekwisha kaa pale. Akazunguka. Miaka yote ile hakuwahi kukaa kiti cha kushoto cha gari lake mwenyewe. Kilikuwa kimebonyea katikati, na springi moja ilikuwa na tabia mbaya. Akawakumbuka abiria wote aliowapeleka mbali wakiwa wamekaa juu ya springi ile, wakisema safari ni nzuri.

"Mkanda, Baba."

Akauvuta. Mkanda ukaja, lakini kifungo kikakataa kuushika. Akaujaribu tena. "Huu huwa unaushika tu kwa mkono," akaeleza. "Nawaambia watu wote. Hakuna aliyewahi kulalamika."

Umulkheir akaizima injini. Akashusha kioo, akamwita fundi aje na kifungo kipya kutoka rafu ya dukani, kisha akamgeukia baba yake.

"Miaka mingapi mkanda huu haufungi?"

Mzee Mubaraka akainua mikono yake yote miwili, vidole vikafunguka. Nyuma, Maalim akakohoa. Mzee akaitazama mikono yake, akaishusha, akaikalia.