Mashua Tuliyoizamisha Diani

Tuliondoka Bodo kwa sababu ya Salim. Watu wa nyumbani waliambiwa kwamba tunakwenda kutangaza kazi, nasi tukaitikia, maana hayo yalikuwa maelezo mafupi. Ukweli ni kwamba Salim, mwenzangu niliyejifunza naye uundaji wa mashua kwa marehemu baba yangu, alikuwa ameitiwa kazi ya ghala huko Arabuni na binamu yake. Hakutaka kwenda. Ila wenye kutembeza watalii siku hizi wananunua mashua za faiba za kiwandani, nasi tulikuwa tumebaki kutia viraka vyombo vya watu.

"Tuunde moja ya mtindo mpya," aliniambia, "tuipeleke maonyesho ya Diani. Ikipata mwenyewe, nabaki. Ikirudi vivi hivi, naenda."

Mimi siwezi kuunda mashua peke yangu. Kupinda ubao ni kazi ya watu wawili wanaojuana, na wa kujuana naye sina mwingine. Kwa hiyo nilikubali upesi kuliko kawaida yangu.

Mtindo wenyewe aliubuni yeye. Kila siku tunaona wageni wa Funzi, kisiwa cha mbele yetu, wanavyopandishwa mashuani: wazee wanabebwa mgongoni, mabibi wazima wanasukumwa kwa nyuma, na kila mtu anajidai hajaona. Salim akashusha ubavu mmoja na kutia kidato kipana, mtu akapanda kwa miguu yake mwenyewe. Tuliijaribu majini pale Bodo, haikuvuja hata tone. Tukaiita Sina Haraka. Dua hatukuisoma bado, kwani kwetu dua ya kushua, yaani kukishusha chombo majini, husomwa kikishapata mwenyewe.

Bodo, asubuhi. Tuliipakia kwenye lori la kubebea nazi, omo yake, ile pua ya mbele, ikachungulia juu ya kichwa cha dereva. Tuliifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Asiyejua mashua ya mbao ataona ni mbwembwe, lakini ubao ukikaa juani hunywea, na ukinywea nafasi kati ya mbao hufunguka. Dawa yake ni maji tu. Chombo kilichokauka hujazwa maji, kikatiwa uzito, kikazamishwa ufukweni kilale humo. Mbao hunywa, huvimba, nafasi hujifunga zenyewe. Bodo haipiti wiki bila kuona mashua ya mtu imelala chini ya maji, na hakuna anayeuliza.

Gazi. Tulikuwa tumeipita Msambweni, jua limeshapanda, na magunia yalianza kukauka. Dereva akasimama kununua samaki kwa mama karanga, wale wanawake wanaokaanga samaki kando ya njia. Wakati tunamwomba maji, yule mama aliitazama mashua kuanzia omo hadi nyuma.

"Mwaipeleka wapi?"

"Diani, maonyeshoni."

"Bahari ya huku imewakosea nini?"

Salim alicheka, mimi nikamwaga maji. Yule mama alitupatia ndoo nzima, na samaki mmoja wa bure aliyevunjika mkia.

Bongwe, alasiri. Shangazi yangu Bi Riziki ndiye mwenyeji wetu, kwani maonyesho hayakuwa na malazi ya watu wa aina yetu. Lori likaingia uani kwake kwa kurudi nyuma, likanusurika na mpapai.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na huyo aliyejifunika magunia ni nani?"

"Sina Haraka."

"Basi na alale. Nyinyi ingieni mle."

Alitupa wali wa nazi na mchicha, kisha akatoka mwenyewe na mtungi kuyalowesha magunia, akituamuru tuendelee kula. Aliporudi alimgeukia Salim. Habari za Arabuni alikuwa keshazipata, sijui kwa nani.

"Huko waenda kuunda nini?"

"Siendi kuunda, mama. Nakwenda kupanga makasha."

"Mikono hiyo?" alisema, akampa nazi aikune. Salim aliikuna yote.

Diani, siku ya kwanza. Mahema yalipangwa ufukweni mbele ya hoteli, na chini yake mashua za faiba nyeupe zinazong'aa mpaka unaona kidevu chako. Msimamizi alikuwa binti wa bara, jina lake Mercy, mchangamfu, mwenye redio ya mkononi na haraka za kutosha watu watatu. Alitupokea vizuri. Magunia tu ndiyo yaliyomshinda.

"Hapana, wasee, hizo gunia zitoke. Wageni watakanyaga matope. Mashua ikae kavu, juu ya stendi, ionekane."

Tukayatoa. Ilionekana kweli, na jua likaiona pia, maana hema letu lilikuwa la pembeni na kivuli chake kilitupa kisogo tangu asubuhi.

Siku ya pili bibi mmoja wa Kizungu, mwenye mkongojo, alipanda kwa kidato, akakaa, akakataa kushuka. Salim alisimama kando amefumbata mikono kwa furaha. Bwana mmoja, mnunuzi wa mashua za hoteli, alilitazama tukio hilo, akaipima mashua kwa hatua zake, akasema kesho saa nne angependa kuiona ikitembea majini. Sikumbuki kuwahi kumpenda mtu nisiyemjua kiasi kile.

Jioni hiyo nilipitisha ukucha kati ya mbao mbili. Ukaingia. Salim alinitazama, sikuhitaji kumweleza. Maji yalikuwa yamejaa, tukaomba watu tukaishusha, tukaijaza, tukaitia magunia ya mchanga, ikatulia chini, mdomo wake tu ukionekana. Hatukumwambia mtu, kwani mtu aanikaye nguo hapigi mbiu. Tukarudi Bongwe tumeridhika, tukalala usingizi mzuri ambao hadi leo unanikera.

Diani, siku ya tatu. Tulipofika, Sina Haraka ilikuwa juu ya stendi. Ilikuwa imefutwa ndani na nje, ikakaushwa kwa mashine ya upepo, ikapakwa nta, na shingoni ikavishwa utepe mwekundu. Kando yake alisimama Mercy, macho mazito kwa kukosa usingizi.

"Poleni sana! Imezama jana na hamkuwa hapa. Nimewaambia vijana waitoe haraka, wakapampu maji yote. Hata tumeikausha vizuri kabisa. Msijali, hakuna malipo."

Mimi nilisikia kucheka na kulia vikija pamoja, nikavizuia vyote viwili. Nikamwambia ahsante. Ungemwambia nini mtu aliyekesha kwa ajili yako?

Saa nne yule bwana alikuja na viatu vyake vizuri. Hatukuwa na muda wa kuinywesha tena, wala ujasiri wa kumwomba arudi kesho, na kesho yenyewe maonyesho yangekuwa yamekwisha. Alipanda kwa kidato, akakisifu. Hatujafika mbali maji yakaanza kupanda kutoka sakafuni, taratibu, bila kelele. Salim alishika kopo akateka maji huku akitabasamu. Nilijaribu kueleza habari ya mbao na jua, lakini maelezo ya fundi ndani ya mashua inayovuja husikika kama udhuru. Yule bwana aliinua miguu, akawa muungwana mpaka tulipofika pwani.

"Nitawapigia," alisema. Namba hakuomba.

Baadaye nilimweleza Mercy. Alijifunika uso kwa mikono.

"Lakini si mngeniambia!"

Alikuwa amesema kweli. Sentensi moja tu ingetosha.

Njiani kurudi, Salim alikaa nyuma ya lori na mashua. Pale Ukunda alimpigia simu binamu yake. Nilisikia akisema "inshallah" mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayekubali. Nilihuzunika, nikageuka kuangalia barabara. Gazi hatukusimama.

Bodo, jioni. Tulimwamkia kila aliyetuamkia, hatukueleza kitu. Kisha, bila kushauriana, tuliishusha Sina Haraka majini, tukaijaza, tukaizamisha. Mikono ilifanya yenyewe. Salim akaenda kwake kufungasha.

Siku ya pili yake alikuja Bi Mwanasiti kutoka Funzi. Huyu ni kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaowapikia na kuwatembeza watalii kisiwani, mwanamke mwenye goti bovu na ulimi mzima. Alishuka kwenye ngalawa akisaidiwa na watu wawili na kuwalaani wote. Simu yake ilikuwa mkononi. Mgeni fulani alikuwa ameipiga picha mashua yetu usiku ule, na picha ikazunguka pwani nzima na kicheko chake: mashua imezama maonyeshoni.

"Kila mtu acheka," alisema. "Mimi nikauliza, hawa walioinywesha maji ni mafundi wa wapi? Nikaambiwa ni nyinyi hapa. Naweza kuwarushia jiwe nikiwa jikoni kwangu! Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Aliitazama ikiwa imelala chini ya maji, hakushangaa hata kidogo.

"Ikishiba mniite."

Ilishiba. Tuliitoa, tukamwaga maji yake, tukamwita. Salim alikuja pia, kwa adabu tu, begi lake likiwa limeshafungwa. Bi Mwanasiti alikitazama kidato, akaweka mguu mzima, kisha ule mbovu, akapanda. Hakuna aliyemshika. Alikaa, akalinyoosha goti bovu. Tukaenda hadi karibu na Funzi na kurudi. Salim aliinama akapapasa sakafu, akanionyesha kiganja. Kilikuwa kikavu.

"Hii nachukua," alisema Bi Mwanasiti. "Na nyingine kama hii, kidato pande zote mbili. Wageni wengine hupandia kushoto."

Salim alikwenda nyuma ya mashua akijidai kupima kitu. Macho yake yalikuwa mekundu, na yangu hayakuwa bora. Kesho yake tulisoma dua, tukala halua na kunywa kahawa, na watoto wa Bodo wakaivuta kamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nilichojifunza safarini si kikubwa. Jambo linalojulikana na kila mtu kwetu huenda halijulikani na mtu hata mmoja mwendo mfupi tu kutoka kwetu, na asiyelisema asimlaumu asiyelijua. Nilikuwa najiandaa kumwambia Salim maneno hayo, nikamkuta bandani amepiga magoti juu ya kipande cha ubao kilichobaki, ana brashi na rangi nyekundu, ulimi nje kwa bidii. Ameandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI USIIOKOE. INAKUNYWA.

Nikamuuliza ni ya nini.

"Ya maonyesho ya mwakani," alisema, bila kuinua kichwa.