Siku Waliniwekea Mikono

Jumapili kwa mama mukwe, kule Muhumba, maombi ya chakula ilinikuta na telefone chini ya meza. Ndiyo, mukwe wa heshima, nacheza poker! Karata ya mwisho ilitoka, adui akaweka jetons zake zote, ni kusema franga yake yote ya muchezo. Nimufuate ao niache? Iko anadanganya? Mimi niko na mafalme wawili tu. Nikainamisha kichwa, jasho ikanitoka, nikapumua sana.

“Mukwe yetu iko na muzigo muzito,” mama mukwe akasema. “Mumuwekee mikono!”

Familia yote ikaniwekea mikono, shemeji mumoja akalia. Kwa nguvu hiyo nikabonyeza kumufuata. Kumbe alikuwa anadanganya!

“Alleluia!” Nikaruka, telefone ikaanguka ndani ya sahani ya sombe, majani ya muhogo.

Mama mukwe akaiokota, akaipanguza, akaangalia.

“Mukwe, ni hawa mafalme tuliombea?”