Bomba la Kuoshea Macho

Kabla mashine hazijawashwa, mwanamke mmoja anaingia peke yake kwenye chumba cha kuchanganyia. Anapita kando ya magunia yaliyopangwa juu ya paleti na kwenda moja kwa moja hadi kwenye bomba lililo ukutani. Analifungua. Maji yanatoka kwa kukwamakwama, yana kutu kidogo, kisha yanatulia. Anainama na kuyaacha yammwagikie machoni.

"Yako sawa," anasema, akijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Sasa tunaweza kuanza."

Wenzake humwita Shangazi Maji, na wamemwita hivyo kwa muda mrefu hata baadhi yao hawalijui jina lake. "Shangazi, haya maji unayoyamwaga ungeyauza, saa hizi ungekuwa na ghorofa," anamtania mpakiaji wa magunia, baba wa watoto watatu mwenye mabega mapana. Mama huyo anatabasamu, lakini bomba halifungi mpaka aridhike.

Kiwanda hiki hutengeneza unga wa kusafishia mitambo na sakafu zenye mafuta sugu. Kinachoupa unga huo makali ni fosfati, kemikali nyeupe inayoletwa kwenye magunia mazito. Asiyeijua anaweza kudhani ni chumvi.

"Ikiwa kavu imetulia tu," anaeleza huku akivaa miwani inayoziba macho pande zote, barakoa na glavu za mpira. "Shida ni ikikutana na unyevu. Jasho, mate, machozi. Hapo inaanza kula. Ukiigusa kwa mkono mtupu unahisi utelezi, unadhani ni sabuni. Kumbe ni ngozi yako inaondoka."

Anapasua gunia kwa chini, uso ameugeuzia kando. Unga anaumimina polepole kwenye pipa ambalo tayari lina maji. Hamwagi maji juu ya unga, kwa sababu mchanganyiko huchemka na kuruka. Ukimwagika sakafuni anauzoa taratibu kwa sepeto. Ufagio ukitumiwa kwa haraka hutimua vumbi, na vumbi hilo huchoma koo kutwa nzima.

Hapo anaposimama ndipo alipokuwa akisimama mumewe.

Wakati huo yeye alikuwa upande wa pili wa kiwanda, akifunga pakiti. Asubuhi moja mumewe aliinua gunia lililokuwa limeshika unyevu. Likachanika juu ya kichwa chake. Miwani alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso, kwa kuwa ilikuwa imejaa ukungu wa jasho.

Waliokuwa karibu walimkokota hadi kwenye bomba. Halikutoa kitu. Lilikuwa likivuja na kulowesha magunia, kwa hiyo fundi alikuwa amefunga koki ya nje akisubiri vifaa. Hakuna aliyeambiwa. Katika kuhaha, mtu mmoja alimfuta macho kwa kitambaa, akiamini anamsaidia. Maji walikuja kuyapata getini.

"Nilisikia mtu analia, nikasema huyo si wangu," anakumbuka mama huyo. "Mume wangu sijawahi kumsikia akilia. Kumbe ndiye."

Jicho la kulia lilipotea kabisa. La kushoto likabaki na uwezo wa kutambua mwanga na giza, basi.

Kiwanda kiligharimia matibabu, na baadaye meneja akamuuliza mke kama angependa kuhamia chumba cha kuchanganyia, ambako mshahara ni mkubwa kidogo. Wifi yake alikasirika. "Ndugu yangu wamemla, sasa unataka wakule na wewe?" alimwambia. Watoto walikuwa wanasoma, na nyumbani mshahara ulikuwa umebaki mmoja.

Alikubali, ila akaomba jambo moja: bomba asilifunge mtu bila yeye kujua.

Msimamo wake ulijaribiwa. Siku moja pampu iliharibika, na msimamizi akaagiza kazi iendelee kwa kuwa lori la mteja lilikuwa limeshafika.

"Hakuna maji, sifungui gunia," alimjibu.

"Shangazi, unataka kunifukuzisha kazi?"

"Mwanangu, wewe ukifukuzwa utatafuta kazi nyingine. Macho nitakutafutia wapi?"

Akaketi juu ya paleti. Mpakiaji akaketi naye, kisha wengine. Msimamizi alifoka, akatoka, akarudi na fundi. Pampu ilipotengemaa lori lilikuwa limekwenda zake, na kwa siku kadhaa msimamizi hakumsalimia.

Wiki hazikupita nyingi, gunia likateleza kutoka juu ya rundo na kupasukia usoni kwa mpakiaji, ambaye alikuwa amevua miwani ili aifute.

"Sikuona kitu, niliona moto tu," anasimulia mpakiaji. "Nikataka kujifikicha. Huyu mama akanidaka mikono, sijui nguvu alizitoa wapi, akanisukuma kichwa chini ya bomba."

Mpakiaji alipambana naye. Alimtukana, alimpiga kiwiko cha mbavu. Mama huyo aliendelea kumfumbua kope kwa vidole huku maji yakitiririka, na kila mpakiaji alipoomba aachwe, alimwambia, "Bado, baba. Bado kidogo." Msimamizi mwenyewe ndiye aliyemshika miguu. Walimwosha hivyo mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipofika, na lebo ya gunia wakampa dereva ili daktari ajue anapambana na nini.

Leo mpakiaji anaona kwa macho yote mawili. Msimamizi naye aliongeza bomba la pili karibu na mlango, tena bila kuombwa.

Na Shangazi mwenyewe, alijisikiaje siku ile? "Nilifurahi kwa ajili yake. Kisha nikaingia chooni nikalia. Nilikuwa nawaza, kumbe ilikuwa inawezekana."

Mumewe hakulichukua jambo hilo kwa uchungu. Jioni, kwenye nyumba yao ya vyumba viwili, anakaa karibu na dirisha akisuka viti vya kamba kwa vidole, kazi aliyojifunza baada ya ajali. "Alikuja hapa ananiomba msamaha," anasema mzee huyo. "Nikamwambia, mke wangu, unaniomba msamaha kwa kuokoa mtu?"

Sasa kuna jambo jipya ndani ya nyumba hiyo. Daktari amesema utando wa mbele wa jicho la kushoto unaweza kubadilishwa, iwapo utapatikana wa kufaa kutoka kwa mtu aliyefariki. Jina la mumewe limeingia kwenye foleni. Upasuaji unaweza kufanikiwa, unaweza usifanikiwe. Mkewe ameshaomba likizo ya kwenda kumuuguza siku watakapoitwa.

"Mimi sina haraka," mzee anasema. "Sura yake ninayoijua ni ile ya asubuhi niliyoondoka naye kwenda kazini. Wenzangu wake zao wanazeeka, wangu yuko vilevile."

Mkewe anacheka, kisha kicheko kinakatika. Anasogeza kigoda na kukaa mbele yake, magoti yao yakigusana.

"Ndiyo maana nataka upone," anamwambia. "Nataka unione nilivyozeeka."